Tulikuwa Wawili

Baba yangu ni mwoka mikate. Hutoka alfajiri, hurudi mchana amechoka hoi, akala, akalala. Tangu mama afariki, tumebaki mimi na yeye. Nilipomaliza shule, upweke ukazidi. Nilifagia, nilifua, nilipika, kisha nikakaa mezani nikitazama ukuta. Siku nyingine sikuisikia sauti yangu mwenyewe mpaka nimwambie baba chakula kiko tayari.

Kitu kimoja tu kilinipa moyo: fomu ya kuomba chuo cha uuguzi. Nafasi zilikuwa chache, waombaji wengi ajabu, na zilibaki siku tatu za kuipeleka.

Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku kimeandikwa: "Taja uongozi ulioushika shuleni." Nikaandika: "Mwenyekiti wa kikundi cha huduma ya kwanza. Nilikianzisha na kukiongoza miaka miwili." Cheti ninacho, kina jina langu na muhuri wa shule. Nani angenibishia?

Ila roho haikutulia. Nikaipeleka fomu kwa jirani yetu tunayemwita Karani. Alifanya kazi ofisi ya usajili ya chuo mpaka akastaafu. Nilimkuta kibarazani anachambua maharage. Akafuta mikono, akavaa miwani, akasoma polepole.

"Mwanangu, huyu mwenyekiti ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Peke yako?"

Nikasema, "Shuleni kwetu kila kikundi kina viongozi wawili. Mmoja wa kutwa, mmoja wa bweni. Mimi nilikuwa wa kutwa."

"Na wa bweni?"

"Tulimwita Bandeji. Ukijikuna tu, ameshakufunga."

Karani akacheka. Nikamweleza yote. Siku ya kufunga shule, vyeti vilikuwa pungufu. Kikundi chetu kilipata kimoja, nacho kina jina langu. Bandeji alinipigia makofi. Nilitakiwa kumwambia mwalimu pale pale kwamba tuko wawili, na sikusema. Miezi minne imepita hatujasemeshana. Mtu niliyemtamani sana kuongea naye ndiye niliyemwonea haya.

"Basi niandike kwamba nilikuwa msaidizi?" nikauliza.

"La. Huo nao ni uongo, umegeuzwa tu. Andika 'kiongozi mwenza'. Sema mlikuwa wawili. Kisha taja kazi uliyoifanya kwa mikono yako. Yako sema 'mimi'. Ya wote sema 'sisi'. Ya mwenzako usiibebe."

"Si nitaonekana mdogo, mama? Wenzangu wote wataandika mwenyekiti."

"Nimesoma fomu miaka ishirini na sita. Wenyeviti walijaa tele. Ukimwuliza mmoja alifanya nini hasa, anababaika. Na chuo kinaweza kumpigia mwalimu wenu. Maneno yakipishana, fomu inawekwa pembeni. Tena wewe unaomba uuguzi. Wodini hakuna anayefanya kazi peke yake. Wanamtafuta anayejua kushirikiana." Akanirudishia fomu. "Mpigie mwenzako kwanza. Mkumbushane nani alifanya nini."

"Sijui nitaanzaje."

"Anza na 'hujambo'."

Nilikaa na simu mkononi. Nikapiga.

"Hujambo," nikasema.

"Sijambo."

"Nisamehe kwa ile siku ya vyeti. Nilijua tuko wawili. Nilinyamaza makusudi."

"Nilijua unajua," Bandeji akasema. "Ndilo lililoniuma."

Nikamwuliza kama anaomba chuo. Alikuwa ameshajaza fomu ya chuo cha maabara, anaipeleka kesho yake.

"Kwenye uongozi umeandika nini?"

"Sijaandika. Nimepiga mstari."

"Kwa nini?"

"Cheti kina jina lako. Niandike nini, mimi?"

Nililia, na alinisikia nikilia. Nilidhani uongo wangu unakaa kwenye fomu yangu tu. Kumbe ulishafika kwao, ukakaa kwenye fomu yake.

Tukaanza kukumbushana kazi moja baada ya nyingine. Tulibishana kidogo kuhusu nani aliyelipaka rangi sanduku la dawa, akanishinda. Kisha nikampigia mwalimu mlezi wa kikundi. Alikiri kwamba shule ilikosea. Jioni ile ile akatuandikia barua za kuthibitisha uongozi wetu, kila mtu yake. Bandeji akaomba fomu mpya, akajaza upya.

Kwenye yangu, mpya pia, nikaandika: "Kiongozi mwenza wa kikundi cha huduma ya kwanza. Tulikuwa viongozi wawili, na tulikianzisha pamoja. Mimi nilitunza sanduku la dawa, niliandika daftari la majeruhi na nilipanga zamu za mchana za wanafunzi kumi na wawili. Mwenzangu aliongoza zamu za jioni na kufundisha wanachama wapya."

Nikamsomea Bandeji kwenye simu.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

Niliitwa kwenye usaili. Walikaa watu watatu. Mkufunzi mmoja, mama mwenye sauti nzito, akaweka kidole kwenye kile kisanduku.

"Mlikuwa wawili. Mwenzako alikushinda kwa lipi?"

Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikajibu kama lilivyo: "Kutuliza mtu. Mimi nikiona damu nakimbilia daftari. Yeye anamshika mgonjwa mkono kwanza."

"Hilo tutakufundisha," akasema, akaandika kitu.

Barua yangu kutoka chuoni ilifika baada ya wiki tatu. Nimepata nafasi. Baba aliisoma mara mbili, unga bado uko kwenye nyusi zake, akanishika bega. Bandeji naye amepata.

Nisidanganye, upweke haujaisha. Nyumba bado iko kimya mchana. Chuo changu kiko upande mmoja wa nchi, chake upande mwingine, na mwezi ujao tunaondoka. Lakini jana Bandeji alikuja, kasafiri siku nzima. Alikuja ili safari hii tuagane, maana siku ya kufunga shule hatukuagana.