Duche ya Mama Alphonsine

Hapana, Lydie hakukataaka samaki yetu. Batu banasema vile, banakosa. Mi nilikuwaka pale.

Jephté, mujukuu yangu, fundi wa karo, vile vigae vya ukuta, alimukuta Lydie ku port ya Makiso, penye mashua inafikaka, batu tele, anabishana na mutu wa toleka, baiskeli ya kubeba batu. Robe ya manjano, na ulimi, bon, kama kisu. Kutoka siku ile telefone haikulala: chérie hivi, bolingo vile.

Alors, siku ya kumuonyesha kwa mama yake, Alphonsine, mama alipika samaki tangu asubuhi. Lydie akaomba duche, chumba ya kuoga, anawe miguu. Akatoka uso kama majivu, akaaga, akaenda. Chakula ikabakia. Kwetu, batu ya kuvua samaki, muchumba mwenye anaacha chakula ya mama-mukwe, amekataa nyumba yote. Alphonsine akasema hataingia tena hapa.

Jephté akamupigia.

"Lydie, sisi batu ya samaki tunakunukia?"

"Haiko samaki. Niliegemea ukuta ya duche, mukono ikateleza. Ile ukungu nyeusi ya katikati ya karo ikaingia chini ya kucha zangu. Na mama yako anaoshaka masahani mule mule. Ningetapika mbele yake."

"Ile karo niliweka mi mwenyewe."

"Najua. Njo maana nilinyamaza."

Jephté akaenda kuangalia na torshi. Ah, batoto. Ku ba-joint, pale karo zinakutana, kulikuwa utelezi mweusi, laini kama utumbo wa samaki, harufu ya kinywa ya mugonjwa. Sababu? Alizibaka dirisha ili karo ifike juu, ipendeze. Miaka tatu, hewa hakuna. Akamwambia mama yake: kosa ni yangu, haiko ya Lydie.

Samedi, jumamosi, Lydie akarudi kumusaidia, amefunga kikwembe ya zamani. Jephté akavunja ukuta, dirisha ikafunguka. Bakapakaa javel, dawa ya kutoa madoa, bakangoja, bakasugua na brosi ya meno. Uji mweusi ulitiririka, nikatema mate.

"Jephté, usichanganye vinegre, ile siki, na javel, inatoaka sumu. Unataka tufe mbele ya ndoa?"

"Donc ndoa iko?"

"Sugua kwanza. Na kila mutu akioga, apanguse ukuta, aache mulango wazi."

Alphonsine akaingia, akapitisha kidole ku joint, akainusa. Haikunuka tena.

"Lydie, mutoto yangu, nawa mikono. Lituma ya ndizi inapoa."

Akamupa kichwa ya samaki, ile tunapeaka mutu wa nyumba, na sisi wote tukakaa, tukakula.