Mashine Iliyosikia "Nzuri" Tu

Maiti ya Abdulatif ilikutwa saa nne asubuhi, imelala kifudifudi juu ya pumba, kwenye kiwanda cha kukoboa mpunga Dakawa. Daktari hakuzungusha maneno: ni moyo.

"Alificha ugonjwa," alisema Oscar, meneja wa zamu, kabla hajaulizwa. "Mashine ilimhoji saa moja asubuhi. Akasema mzima."

Mashine hiyo ya akili mnemba iliwekwa pale alipokuwa anakaa nesi. Kila mfanyakazi huieleza hali yake kabla ya kazi. Yenyewe humruhusu au humpeleka zahanati.

Mjane, Shamsia, alimsubiri Inspekta Mwanahawa getini.

"Afande, mume wangu azikwe akiitwa mwongo? Alfajiri alikuwa anashika kifua. Nikamwambia kaseme. Akaniapia atasema."

Mwanahawa akaenda kusimama mbele ya mashine.

"Habari ya afya yako?" ikauliza.

"Nzuri, ila kichwa..."

"Asante. Ingia kazini."

Nani wa nchi hii huanza na maradhi? Hata mahututi ukimjulia hali atasema nzuri, ndipo akueleze. Mtoto wa chekechea analijua hilo.

Akamwita Joyce, fundi wa kompyuta. "Sauti za asubuhi zimehifadhiwa?"

"Zote, Afande. Inarekodi, ila haisikilizi."

Sauti ya Abdulatif ikatoka: "Nzuri. Ila kifua kinabana, mkono wa kushoto una ganzi." Mashine ikamshukuru. "Nimesema kifua, jamani," akaiambia.

"Ilikuja hivi?" Mwanahawa akauliza.

"Hapana. Ilikuwa inasikiliza mpaka mwisho. Ilibadilishwa mwezi wa tano."

"Na nani?"

"Jina limo humu. Oscar."

Oscar akaketishwa kuandika maelezo ya onyo, yale ya mtuhumiwa.

"Mimi si daktari, Afande. Ni mashine ile."

"Uziwi iliufundishwa na nani?"

Oscar akasema, "Ilikuwa inanipelekea zahanati watu kumi kwa siku. Vifua, macho, vumbi. Mpunga umejaa uwanjani, wakubwa wananipigia simu. Kila mtu ana 'ila' yake. Ningewasikiliza wote, kinu kingesimama."

"Ukamwita marehemu mwongo."

"Niliogopa."

"Ulijua alichosema?"

"Niliisikiliza sauti yake kabla hamjafika."

Mwanahawa akafungua mlango, akamwingiza Shamsia.

"Rudia," akamwambia Oscar. "Mwambie huyu."

Oscar akatazama sakafu. "Alisema, mama. Alisema mara mbili."