Sura Ubavuni mwa Kontena

Kontena la futi arobaini halitiwi mfukoni. Ndivyo Inspekta alivyojisemea alipofika na sajini wake kwenye yadi ya makontena asubuhi ile, akamkuta Meneja wa kampuni ya sabuni akizunguka kama kuku anayetaka kutaga.

"Limeibiwa!" Meneja alifoka. "Kontena lenye tangazo! Na meli inapakia leo jioni!"

"Tangazo gani?"

"Mama anacheka, ameinua mikono yenye povu. 'Mikono ya Mama Haichoki.' Kila bandari duniani ilikuwa imwone!"

Inspekta, mwanamke wa makamo ambaye kituo kizima kilimwita Shangazi kwa jinsi alivyojua kuchimbua ya watu, alimgeukia mlinzi wa geti.

"Usiku limetoka lori gani?"

"Hakuna, afande. Hata toroli."

"Ulilala?"

"Nilale na mbu wa hapa? Thubutu!"

Basi kama halikutoka, lipo. Shangazi alipita katikati ya makontena akikwangua kwa ukucha, hapa na pale. Yote yalikuwa ya rangi ya kutu, yamepauka kwa jua. La mwisho karibu na ukuta, rangi ilimnata kidoleni. Namba zake zilikuwa za uongo, ingawa ziliandikwa kwa ustadi. Alipokwangua zaidi, stika ya povu jeupe ilichungulia.

"Ndilo!" Meneja alichekelea, kisha akakumbuka kukasirika. "Nani kafanya ushenzi huu?"

Shangazi alirudi nyuma hatua mbili, akautazama ubavu wote. Kuna kitu kilimkera. Ubavu mzima ulikuwa umepuliziwa rangi kwa mashine, mbio mbio, mpaka ikachuruzika kwenye mikunjo ya bati. Lakini pale juu, katikati, palipakwa kwa brashi, polepole, kila mpako ukishuka toka juu kwenda chini. Palikuwa usoni pa yule mama wa tangazo. Sikio moja tu ndilo lililopakwa juu juu, na ukisogea karibu uliiona hereni chini ya rangi.

Hivyo hivyo ndivyo yeye alivyopitisha mkono alipomfumba macho marehemu mama yake. Mhuni hamfuniki mtu namna hii.

"Hapa nani amefiwa?" aliuliza.

Mlinzi akatazama viatu vyake. Kisha fundi rangi wa yadi, wanayemwita Brashi, akajitokeza bila kuitwa.

"Umefanya wewe?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Mama nilikuwa naye mmoja, afande. Msaidizi wa nini?"

"Nieleze."

"Alikuwa dobi hapa hapa. Amefua ovaroli zetu kwa sabuni ya kampuni hii mpaka vidole vikachubuka. Siku moja wakampiga picha. Ya kitambulisho, wakamwambia, hebu cheka, inua mikono. Akacheka, masikini. Sasa mimi natoka kumzika, narudi kazini, namkuta amebandikwa, mkubwa kuliko nyumba aliyoniachia! Eti haichoki! Ilichoka, afande! Amekufa hawezi kushika kikombe!"

"Hukumwambia Meneja?"

"Nilimpigia magoti ambandue. Akaniambia nijivunie, mama amekuwa nembo."

"Si ni heshima hiyo?" Meneja alidakia. "Nitambandika kwenye makontena kumi!"

"Bandika. Nitayapaka yote. Nifunge, nikitoka nitapaka."

Shangazi alimwonea uchungu, lakini kazi ni kazi. Alitoa pingu.

"Mwanangu, uko chini ya ulinzi kwa kuharibu mali."

Brashi alinyoosha mikono bila kuinamisha kichwa. "Sawa. Naomba kitu kimoja tu. Lile sikio. Kulikucha sijamaliza."

Shangazi alimgeukia sajini wake. "Picha za ushahidi?"

"Ninazo zote, afande."

Pingu zikarudi mfukoni. "Leteni kopo la rangi."

"We mama, una wazimu?" Meneja aliruka. "Hiyo ni mali yangu!"

"Kontena ni lako, bwana. Mama si wako. Na wewe utapanda gari letu, ukanieleze kituoni hiyo picha ya kitambulisho ilifikaje kwenye sabuni."

Mlinzi ndiye aliyekimbilia ngazi, akaishikilia kwa mikono miwili. Brashi alipanda, akachovya, akaliendea sikio toka juu kwenda chini, polepole. Meneja alikuwa bado anapiga kelele, wala hakuna aliyemgeukia.