Mguu Alioficha Fabiola

Kila siku baada ya masomo, Fabiola alivua sare, akala haraka, akateremka mbio kutoka kwao mtaani Muhumba hadi uwanja wa mchanga kando ya ziwa. Mchanga ule uliletwa kwa lori kutoka bonde la Ruzizi. Pale ndipo tantine Georgette, dada ya baba yake, alipowafundisha watoto voliboli ya ufukweni.

Georgette alikuwa bingwa. Alianza kushinda akiwa msichana wa shule, akashinda baada ya kuolewa, akashinda baada ya kuzaa. Hata sasa, mvi zikichungulia kichwani, wasichana wenye nusu ya umri wake walihangaika kumfunga.

Fabiola, mwenye miaka kumi na miwili, alitaka kuwa kama yeye. Alicheza na Mapendo, rafiki yake wa darasani, kwa sababu katika mchezo huu kila upande una watu wawili tu. Jumapili baada ya misa wangecheza fainali na wasichana wa Kavumu.

Siku ya Alhamisi, Fabiola aliteleza akitoka bombani na bidoni, dumu la maji. Kifundo cha mguu kikavimba. Alilia zaidi kwa hasira kuliko maumivu. Kwa nini wiki hii? Ijumaa hakwenda mazoezini. Mapendo alipomuuliza, alijibu kwamba tumbo linamsumbua.

Jumapili alifika uwanjani amevaa soksi nene.

"Fabiola, soksi ya nini?" Georgette aliuliza.

"Mchanga unachoma, tantine."

Mapendo akamkodolea macho. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na mchanga ulikuwa baridi.

"Vua."

Georgette alipouona uvimbe, alitikisa kichwa. "Leo huchezi. Gloire ataingia."

"Lakini haiumi, tantine! Iko muzuri!"

"Basi ruka."

Fabiola aliruka. Alipotua, uso ulimkunjamana, akashika benchi asianguke.

Gloire, mwenzao wa mazoezini, alikuwa hodari, lakini hakuwa amezoea kucheza na Mapendo. Mara wote wawili waliukimbilia mpira mmoja wakagongana, mara kila mmoja alimwachia mwenzake. Wakafungwa. Kwenye benchi Fabiola aliuma midomo. Aliikasirikia mvua, akamkasirikia Gloire, akamkasirikia tantine zaidi ya wote.

Mapendo alimjia, macho yamejaa machozi. "Ungeniambia Ijumaa, ningefanya mazoezi na Gloire. Nilikuuliza, ukanidanganya!" Akaondoka bila kuaga.

Georgette akaketi karibu na Fabiola, akaanza kumfunga mguu kwa kitambaa chenye maji baridi.

"Bingwa anavumilia," Fabiola alisema kwa uchungu. "Wewe umecheza miaka yote hii kwa kuvumilia."

"Nani alikuambia hivyo? Zamani nilicheza na Yolande. Aliruka kunipita mimi. Goti likaanza kumuuma, akaficha. Kila siku, iko muzuri, iko muzuri. Haukupita muda, hata kupanda mulima wa kwao ikamushinda. Mimi nilisema kila nilipoumia. Watu waliniita muoga, na fainali zilinipita nikiwa nalia kama wewe. Lakini bado nacheza."

Hasira haikumwisha Fabiola, ila sasa hakujua aielekeze kwa nani.

Kesho yake muuguzi wa kituo cha afya alimwamuru apumzike. Jioni alichechemea hadi kwa kina Mapendo.

"Nilikudanganya. Unisamehe."

"Mimi na Gloire tutakuwa uwanjani," Mapendo alisema. "Kuja utuokotee mipira, ukiweza kutembea."

Mguu ulipopata nafuu, Fabiola aliokota mipira. Alichukia kila siku ya kazi ile, lakini alienda. Alipopona kabisa akarudi mchezoni, na yeye na Mapendo wakaanza tena kushinda.

Siku moja, katikati ya mchezo waliokuwa wakiongoza, Fabiola aliinua mkono. "Tantine, bega linaniuma."

Georgette alimwita Gloire aingie. Fabiola alikwenda kukaa amenuna, kisha akaanza kumpigia Gloire kelele za kumtia moyo.

Mchezo ulipokwisha, Georgette aliwakusanya watoto wote.

"Mumemuona Fabiola? Kusema umeumia si woga. Ukificha, unaumiza mwili wako na kumudanganya mwenzako anayekutegemea. Semeni mapema, mupumzike, mupone. Hivyo mutacheza hata mukiwa na watoto wenu."