Nakshi za Bi Turkiya na Mfumo Mpya wa Kompyuta

Bi Mahfoudha anashona kofia. Anakaa Ibra, na kila Jumatano asubuhi utamkuta katika soko la wanawake, kofia zake amezipanga mbele yake juu ya kitambaa cheupe. Kofia zake ni za viua. Kwanza anatoboa vitundu vidogo vidogo kwenye kitambaa, kisha kila kitundu anakizungushia uzi kwa sindano. Kofia moja inakula mwezi mzima. Wageni wakiwa wengi, inakula miwili.

Aliyemfundisha ni mama yake, marehemu Bi Turkiya. Yeye alijifunza kazi hiyo Unguja, mtaa wa Malindi, kabla hawajahamia Oman. Alipofariki aliacha nakshi thelathini na mbili, zote amezichora kwa mkono wake. Mwaka mmoja mvua kubwa ikaingia stoo. Karatasi zikalowa, wino ukachuruzika, zikawa si za kutazamika. Bahati nzuri Bi Mahfoudha alikuwa ameshazipiga skani na kuzitia ndani ya kompyuta yake.

Tangu siku hiyo nakshi zikawa zipo pahala pamoja tu: ndani ya kompyuta ile, juu ya meza karibu na cherehani. Akitaka kushona, anachapisha nakshi moja. Anaitandaza juu ya kitambaa, anatia alama kwa sindano, kisha karatasi anaichoma moto jikoni.

"Mama, kwa nini unachoma?" aliuliza binti yake, Shurooq, anayesoma chuo hapo hapo Ibra.

"Nakshi ikitoka nje ishakwenda, mwanangu. Wiki ijayo utaiona kichwani mwa watu wa Nizwa, na jina la bibi yako halitajwi."

Msimcheke. Washonaji wengi wa kofia ndivyo walivyo. Mimi nimefundisha watu wazima kompyuta kwa miaka kumi na moja, na nimeona watu wenye vyeo wakificha vitu visivyostahili kufichwa. Huyu angalau alikuwa na kitu cha kuficha.

Mwisho wa mwaka 2025 kompyuta ikaanza kumletea maneno kwenye kioo. Ilisema mfumo wake, Windows 10, umefika mwisho. Bi Mahfoudha akayafunga maneno. Kesho yake yakarudi. Akaipakia kompyuta garini, akaipeleka duka la kompyuta.

Muuza duka aliitazama dakika mbili. "Mashine hii kongwe. Haikubali Windows 11. Tupa, nunua mpya."

"Nitupe? Inawaka, inachapisha, haina homa wala kikohozi!"

"Basi shauri yako, mama."

Maneno ya muuza duka huyu nimeyasikia mpaka nimechoka. Kuna mashine nyingi nzima zinazotupwa kwa sababu mtu mmoja amesema "tupa" na hakuna aliyeuliza swali la pili.

Bi Mahfoudha alirudi nyumbani na kompyuta yake, uso ameukunja. Aliyemletea kahawa na tende ni Rehana. Rehana ni msichana wa Tanga, mwaka wa pili huu anafanya kazi za nyumbani katika nyumba hii. Alimsikiliza Bi Mahfoudha akilalamika mpaka akamaliza.

"Mama, samahani," akasema Rehana. "Si lazima uitupe."

"Na wewe unajuaje?"

"Nilisoma kompyuta chuo cha ufundi. Miaka miwili. Nina cheti."

Bi Mahfoudha akakiweka kikombe chini. "Hujapata kuniambia hata siku moja!"

"Hujapata kuniuliza, Mama."

Hapo Bi Mahfoudha aliona haya, na akasema hivyo. "Umenitia haya, wallahi. Hebu kaa. Nieleze."

Rehana akakaa, akaeleza polepole.

"Kompyuta ina programu moja kubwa inayoiamsha na kuzisimamia programu nyengine zote. Hiyo ndiyo inaitwa mfumo endeshi. Bila ya mfumo, kompyuta ni bati tu. Sasa, kila mfumo una matundu. Wezi wanayatafuta, na wenye mfumo wanatuma viraka vya kuyaziba. Windows 10 viraka vyake vya kawaida vilikoma Oktoba. Kuna mwaka mmoja wa ziada kwa anayejiandikisha, lakini mwaka hauna siku nyingi."

"Na mashine yangu haitaki Windows mpya."

"Haiwezi. Lakini kuna mfumo mwengine, Linux. Ni wa bure, na unatosha kwa mashine ya umri huu. Namna ulivyotengenezwa iko wazi. Mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuwagawia wenziwe."

Bi Mahfoudha akaruka. "Kila mtu anaona ndani? Basi na mwizi anaona!"

"Mwizi anaona, na mafundi kwa maelfu nao wanaona. Mama, ukikosea kiua kimoja kwenye kofia, nani anakigundua mwanzo?"

"Mwanamke mwenzangu sokoni! Kabla hata sijakaa kitako."

"Basi ndivyo hivyo. Si kwamba Linux haina kosa. Makosa inayo. Lakini wanaolitafuta kosa ni wengi, na anayeliona anaweza kulishona palepale."

Bi Mahfoudha akatafuna tende, akafikiri. "Haya. Tuanze vipi?"

"Kwanza tupige kopi ya nakshi zote. Tutie kwenye flashi, na kwenye laptopu ya Shurooq."

"Kopi? Abadan!" Uso ukarudi ulivyokuwa. "Laptopu ya Shurooq inakwenda chuoni kila siku, inafunguliwa mbele za watu. Na flashi ni kitu cha kuanguka njiani. Nakshi za mama yangu hazina kopi na hazitokuwa nayo."

"Mama, bila kopi sithubutu kugusa kitu."

"Basi usiguse."

Yakaishia hapo. Rehana akachukua vikombe akaenda jikoni. Wiki mbili nzima Bi Mahfoudha alichapisha, alishona, na alichoma karatasi zake kama kawaida. Kila maneno yalipokuja kwenye kioo, aliyafunga. Hapa ndipo alipokosea, na ninasema wazi: kitu ambacho kiko pahala pamoja tu hakijahifadhiwa, hata ukikifungia makufuli mia.

Jumanne moja asubuhi aliiwasha kompyuta, haikuamka. Ilionesha kioo cha buluu kitupu, ikazimika, ikawaka, ikaonesha tena kioo kile kile. Akaizima. Akaiwasha. Vilevile. Mara ya sita akaacha kuhesabu.

Rehana alimkuta amekaa mbele ya meza, machozi yanamtoka, hata hayafuti.

"Thelathini na mbili," alisema Bi Mahfoudha. "Zote. Na hakuna aliyeniibia, Rehana. Nimezifungia mwenyewe kwa mikono yangu."

Shurooq akaingia anakimbia. "Mama, yalla, tuipeleke kwa yule wa duka!"

"Hapana," akasema Rehana. "Msiiwashe tena, na msiipeleke. Pengine ataifuta yote aweke mfumo upya, na hapo ndipo nakshi zitakwenda kweli. Shurooq, nipe laptopu yako na flashi isiyo na kitu."

Wakakaa wawili mbele ya laptopu ya Shurooq. Shurooq akaona majina, akashangaa.

"Linux ziko nyingi sana! Ipi yetu?"

"Linux yenyewe ni kiini. Makundi mbalimbali ya mafundi yanakichukua na kukiwekea vitu vyao, na kila kundi lina jina lake. Kuna Debian. Mwaka 2025 mwezi wa nane walitoa toleo la 13, lakini hilo hulisakinishi tena kwenye mashine za kale kabisa. Kuna Ubuntu. Wao wanatoa toleo kila Aprili na kila Oktoba, na moja kila miaka miwili wanaliangalia kwa muda mrefu. Fedora nao wanakwenda mbio hivyo hivyo."

"Tuchukue mpya kuliko zote!"

"Mpya kuliko zote si lazima iwe nzuri kwa Mama. Yeye hataki kila miezi sita aanze kujifunza tena. Tutachukua Mint, toleo la 22. Imejengwa juu ya lile toleo la Ubuntu la muda mrefu, na viraka vyake vitakuja mpaka mwaka 2029. Na sura yake inafanana na aliyoizoea."

Rehana aliingia kwenye tovuti ya Mint yenyewe. Shurooq alitaka kutumia kiungo alichotumiwa na rafiki yake kwenye WhatsApp. Rehana akakataa. "Mfumo mzima wa kompyuta huuchukui kwa mtu usiyemjua. Unaufuata kwa wenyewe." Walipomaliza kuupakua, wakautia kwenye flashi kwa programu maalumu, maana kuburuta faili tu haitoshi.

Kisha Rehana akaichomeka flashi kwenye kompyuta ya Bi Mahfoudha. Akaiwasha, akabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuamkia, akachagua flashi.

"Sasa itaamka kwa mfumo ulio ndani ya flashi," alimwambia Bi Mahfoudha. "Ndani ya kompyuta yenyewe hatujagusa kitu. Mtu anaweza kuujaribu mfumo hivi, akiupenda, akiuchukia, anachomoa flashi na hakuna kilichobadilika."

Kioo kikawa cheusi. Bi Mahfoudha akaanza kusoma aya kimoyomoyo, midomo inacheza. Kikatokea kioo safi chenye vitufe chini. Rehana akafungua diski ya kompyuta. Mafaili ya zamani yakaonekana. Akalifungua lile lililoandikwa "Mama".

Hapo nakshi ya kwanza ikajaa kioo kizima.

"Alhamdulillah! Alhamdulillah!" Bi Mahfoudha akasimama, akakaa, akasimama tena. Akazihesabu kwa kidole, moja baada ya moja. Zilikuwa thelathini na mbili. Diski ilikuwa nzima, ila ule mfumo wa zamani ndio ulioharibika. Akamgeukia Rehana.

"Piga kopi. Sasa hivi. Piga mbili, piga tatu!"

Shurooq akacheka. "Mama, si umesema abadan?"

"Nyamaza wewe, lete flashi!"

Wakapiga kopi moja kwenye laptopu ya Shurooq na mbili kwenye flashi mbili nyengine. Rehana hakuridhika mpaka alipozifungua zote tatu na kuona nakshi zinaonekana. "Kopi ambayo hukuifungua bado si kopi," alisema. "Na jambo jengine, Mama. Kopi tatu ndani ya nyumba moja hazitoshi. Moja inafaa ikae nyumba nyengine."

"Nyumba ya nani?" aliuliza Bi Mahfoudha kwa ukali. Rehana akaendelea na kazi.

Sasa wakausakinisha mfumo kwenye kompyuta. Njiani mfumo ukauliza kama wafute diski yote.

"Hapa ndipo watu wanapolia," akasema Rehana. "Ukikubali, vya zamani vyote vinakwenda na havirudi. Asiyekuwa na kopi aishie hapa, achomoe flashi." Akamtazama Bi Mahfoudha. "Nikubali?"

"Kubali, bismillah."

Haikufika hata nusu saa. Printa ikajulikana palepale. Skana iligoma mpaka jioni, Shurooq akatafuta programu yake mtandaoni akaipata. Bi Mahfoudha alikuwa na programu ya kutengenezea kadi za harusi, hiyo haikuingia kabisa, kwa sababu imetengenezwa kwa Windows tu. Hilo mtu alijue kabla. Aliye na programu moja anayoitegemea kazini, aulize kwanza kama ina mwenziwe upande huu. Kwa kuchora walitia Inkscape, nayo ni ya bure. Bi Mahfoudha alinung'unika siku tatu kwamba vitufe vimehamishwa. Siku ya nne alinyamaza, akawa anachora.

Mashine ile bado iko juu ya meza. Haigandi. Viraka vinakuja, na Bi Mahfoudha anavipokea mwenyewe bila kumwita mtu. Karatasi bado anazichoma.

Miezi michache baadaye mkataba wa Rehana ulitimia miaka miwili, ikawa zamu yake ya likizo. Asubuhi ya safari begi lilikuwa mlangoni na gari inangoja. Bi Mahfoudha akatoka chumbani, akamtia kitu mkononi.

"Nini hichi, Mama?"

"Flashi. Umesema kopi moja ikae nyumba nyengine. Kwenu Tanga ni nyumba nyengine."

Rehana akaitazama, akaduwaa. "Mama, nakshi zote? Kwetu wapo kina mama wanaoshona kofia. Wakiziona je?"

Shurooq akamtazama mama yake. Bi Mahfoudha akaurekebisha mtandio wake.

"Waache wazione. Wanaotaka washone. Nikizificha mie zitakufa na mie. Lakini kila atakayeishona umwambie nakshi hii ya nani."

"Nitamwambia, Mama."

"Utasahau. Lete hapa."

Akaichukua tena flashi. Shurooq akamletea kalamu na kipande cha plasta. Bi Mahfoudha akaibandika plasta, akakaa kwenye kizingiti, na dereva anapiga honi nje, akaandika polepole jina la mama yake.