Kabichi za Bibi Hazina Haraka

Kwa kawaida Garam huitwa mara tatu ndipo aamke kwenda shule. Lakini wiki ile korona ilipomfungia chumbani, aliamka kabla ya mama yake, akawa anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akikaa, anasimama. Akisimama, anachungulia dirishani. Jumamosi ilikuwa inakuja, na siku hiyo ukoo mzima ungekusanyika kijijini kwa Bibi kutengeneza kimchi ya majira ya baridi, yaani kabichi zinazochachushwa kwa chumvi na pilipili.

Kila mwaka Garam ndiye aliyekaa kando ya Bibi kupaka kabichi pilipili, na tonge la kwanza Bibi alimlisha yeye kwa mkono wake. Mwaka huu kifua kilikuwa kinamsumbua Bibi, na Mama alishatoa amri: asiyepata chanjo ya mafua hakanyagi kwa Bibi.

Simu ikalia. Alikuwa binamu yake, Tae-o.

"We mgonjwa! Mimi nimeshachanjwa. Kiti chako nakikalia mimi, na tonge nalila mimi."

"Thubutu! Kesho nachanjwa."

"Na korona yako hiyo? Jirani yetu anasema ukiiugua sharti ungoje miezi mitatu ndipo uchanjwe."

"Jirani yenu ni daktari?" Garam akakata simu. Miezi mitatu! Kimchi itakuwa imeshaliwa.

Hata bila maneno ya jirani, mwili wake ulikuwa bado una joto. Asubuhi yake alinawa uso kwa maji ya baridi, akabandika paji la uso kwenye kioo cha dirisha mpaka likafa ganzi, ndipo akamwita mama yake. Mama akaelekeza kipimajoto pale pale kwenye paji.

"Kumbe homa imekwisha!"

"Nimepona kabisa, Mama. Twende basi, twende!"

Kwenye kliniki ya mtaa mguu wake haukutulia. Ajuza mmoja aliyekaa karibu naye alimenya chenza, akammegea.

"Shika, mjukuu wangu. Mbona unahangaika hivyo? Sindano haichomi kama maneno ya mkwe."

Alimwinamia, na kifua chake kilikoroma kama cha Bibi. Garam akahisi kikohozi kikimpanda kooni. Akaruka kutoka kwenye benchi, akakimbilia mlangoni.

"Bibi, usinisogelee! Bado naumwa! Nilipoza uso kwa kioo!"

Watu wote wakageuka. Mama alitamani ardhi ipasuke immeze.

Daktari Pyo aliwaita chumba cha pembeni, akampima Garam sikioni. Homa ilikuwapo.

"Daktari, ni kweli ningoje miezi mitatu?"

"Nani kakwambia? Hapana. Homa ikiisha, nguvu zikirudi, na siku za kujitenga zikimalizika, njoo uchanjwe. Lakini ukichanjwa leo, joto likikupanda, tutajuaje ni ugonjwa au ni chanjo? Na walio kwenye benchi utawaambukiza. Tena chanjo hii ya mafua huchukua kama wiki mbili ndipo ifanye kazi, na mbele ya korona haifui dafu. Jumamosi ungempelekea Bibi yako ugonjwa mlangoni."

Garam akalia kwa kwikwi. Jioni alimpigia Bibi, akamweleza yote bila kuficha. Bibi alicheka mpaka akakohoa.

"Mjanja wewe! Kabichi ukiipaka pilipili kabla chumvi haijailainisha, inakuwaje?"

"Inaharibika, Bibi."

"Basi ngoja. Kabichi zako nitazifunga kwa magazeti, nizihifadhi ghalani. Hazina haraka. Na huyo Tae-o nampa kitunguu saumu amenye mpaka alie."

Garam alipopona sawasawa, alichanjwa. Ilipofika Desemba na chanjo imeshashika, akapelekwa kijijini. Kiti chake kilikuwa wazi. Bibi akakunja jani la kabichi lililojaa pilipili, akalishika mbele ya mdomo wa Garam.

"Sikiliza kwanza. Anayesema 'bado naumwa' hajiaibishi, anawalinda wenzake. Na chanjo ina wakati wake. Muulize daktari, umwambie kweli. Usiiulize haraka yako. Haya, achama."

Garam akaachama. Pilipili ilimtoa machozi, naye hakuyafuta.