Mjerumani Aliyeletwa Rukanga

Jua la Voi halina adabu. Siku ya chanjo ya mbwa lilikuwa limeukalia uwanja wa mnada tangu asubuhi, na watu walipanga foleni na mbwa wao kama wanaongoja kupiga kura: mbwa wa kamba, mbwa wa mnyororo, mbwa wa waya wa umeme uliookotwa, na mmoja aliyebebwa kifuani kama mtoto wa ubatizo.

Huyo wa kubebwa alikuwa mweupe pe, manyoya yamechanwa, ulimi nje kwa joto. Spitzi wa Kijapani, jina lake Chumvi. Aliyembeba ni Wakesho, mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja ya watalii nje ya mji. Alivaa sketi ya bluu ya kazini, blauzi iliyopigwa pasi ikanyooka, na viatu vya kisigino vilivyokuwa vikizama kwenye mavi ya ng'ombe.

Nyuma yake alisimama kijana mrefu, shati la kaki limepauka mabegani, kando yake mbwa wa mbegu ya Kijerumani, mwenye mgongo mweusi, miguu ya kahawia na masikio wima.

"Dada," kijana akasema, "hiyo ni mbwa ama ni kofia?"

Foleni ikacheka. Wakesho hakugeuka. "Ni mbwa. Hiyo yako ni nini, punda?"

"Huyu ni Diwani."

"Ati nani?"

"Akiwa mdogo alikuwa anakula na kulala tu, nikampa jina linalomfaa. Siku hizi anachunga mbuzi kutwa nzima. Sasa jina limekuwa matusi kwa mbwa."

Hapo Wakesho akageuka, akacheka mpaka Chumvi akateleza mkononi. Kabla hajamdaka, kile kijibwa kilimrukia Diwani kikamng'ata pua. Diwani, na ukubwa wake wote, alijificha nyuma ya bwana wake.

"Diwani kweli," Wakesho akasema. "Ameguswa kidogo tu, ametoroka."

Kijana akampenda palepale. Aliitwa Sylus, mfugaji wa mbuzi kutoka Kishushe, kule barabara inakoishia na malori ya wachimba madini yanakoanzia. Watu walimjua kwa mdomo wake. Kila baraza lililoitwa ili wananchi waambiwe kwamba mawe ya vilima vyao yana wenyewe kwingine, Sylus alisimama nyuma akauliza, "Nani alitia sahihi?" Hakuna aliyemjibu. Hawajibu mpaka leo.

Simu zikaanza.

"Mrembo, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, mchungaji wangu?"

"Mimi nimekula vumbi. Chumvi hajambo?"

"Amelala kwenye kitanda changu."

"Kitanda! Diwani, umesikia wenzako wanavyoishi?"

Walitaniana hivyo wiki nenda, wiki rudi. Siku zake za mapumziko Wakesho alivaa gauni la maua na viatu vya chini, wakatembea mjini wakila mahindi ya kuchoma. Lakini kila mazungumzo yao, yaanze na mvua au harusi ya watu, yaliishia kwa mbwa. Mapenzi yana mahali pa kujificha, na yao yalijificha hapo.

"Kijibwa chako hakifai kwetu," Sylus alimwambia siku moja wakinywa chai karibu na soko. "Manyoya yale yote, na upupu na kupe wa Kishushe? Utamchana mpaka lini? Na kelele. Jani likianguka, anabweka."

"Ndiyo kazi yake. Mimi naishi chumba kimoja, ninatoka kazini nimechoka. Nataka mbwa anayejua kama nimelia. Huyo wako nikimfungia chumbani atakula mlango."

"Lazima aule! Mjerumani ni mbwa wa kazi. Asipokimbia, asipopewa kitu cha kulinda, kichwa kinaharibika. Anataka eneo."

"Na mimi nataka duka la karibu."

"Wakesho, ukija kwangu..."

"Nani amesema ninakuja?"

Hapo hapakuwa tena na habari ya mbwa.

"Kitu kimoja tu nisikilize," Sylus akasema kwa upole. "Usimpeleke Chumvi kwa nyanya yako huko Rukanga. Mbwa mdogo humchokoza ndovu, ndovu akigeuka, mbwa hukimbilia kwa mwenyewe. Atakuletea ndovu mpaka miguuni."

"Nyanya ndiye anahitaji mbwa. Anakaa peke yake pale chini ya mlima Kasighau, na fisi wanapita uani kama jamaa. Na hataki kuhama. Anasema alishahamishwa, inatosha. Si unajua alizaliwa Malindi?"

"Malindi! Kumbe mna damu ya pwani? Ndiyo maana unajua kupika pilau."

Wakesho alimtazama akingoja aulize zaidi. Hakuuliza. Alikuwa akimtafuta mwenye chai.

Sikio husikia, moyo uko kwingine. Hilo ndilo kosa lililowagharimu.

Siku ya kubisha hodi ikafika, ile ya kwanza ambapo kijana huja na mzee wake kutamka kwamba ameona ua katika boma hili. Ndoa ilikuwa mdomoni mwa nyanya Ndila. Baba yake Wakesho alikuwa marehemu, na bila neno la kikongwe yule, Wakesho asingeolewa na mtu, naye alishamwambia Sylus hivyo waziwazi.

Sylus alikuja na mjomba wake, sukari, soda na blanketi jekundu. Alivaa koti la kuazima lenye mikono mifupi. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufikiri, aliongeza zawadi yake mwenyewe. Alikuwa amepima: spitzi kwa ajuza wa Rukanga ni kitoweo cha fisi. Anahitajika mbwa wa kifua, mwenye akili, anayesikia neno moja akalitii maisha yake yote. Akachagua mtoto mzuri kuliko wote aliowazaa Diwani.

Nyanya Ndila alikuwa ameketi kwenye kigoda, leso mpya mabegani, mgongo umepinda lakini macho makali.

"Kwawuka, nyanya," Sylus akamwamkia.

"Karibu, mwanangu. Huyo uliyemfunga kamba ni nani?"

Sylus alimsukuma mbele mbwa mdogo, kifua chake kimejaa fahari. "Nyanya, nimekuletea mlinzi. Huyu si mbwa wa hivi hivi. Ni Mjerumani halisi!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akimimina chai aliacha birika hewani. Wakesho alifumba macho.

"Umesema ni nani?" nyanya akauliza.

"Mjerumani, nyanya. Wajerumani ni hodari kwa ulinzi." Alipoona nyuso, akacheka kwa wasiwasi. "Aa, ni mbwa tu, nyanya!"

Kikongwe alishika fimbo, akainuka, akaingia ndani. Mlango wa mabati ukafungwa, komeo likasikika. Chai ilipoa. Mjomba alingoja, akakohoa, akangoja tena, kisha akasema, "Twende." Waliondoka na mbwa wao.

Jioni ile simu ililia.

"Wakesho, semeni tu ukweli. Mnataka mtu wa mshahara. Mchunga mbuzi hatoshi."

"Sylus, unajisikia unavyosema?"

"Nimefungiwa mlango mbele ya mjomba wangu! Kwa nini? Kwa zawadi?"

"Nilikuambia nyanya alizaliwa Malindi. Ukafanya nini? Ukacheka pilau."

"Malindi inahusu nini?"

"Ngoja nikuambie inahusu nini, wewe bingwa wa mabaraza. Vita vya kwanza vya wazungu, Mjerumani alitoka Tanganyika akaushika mlima wetu. Mwingereza akasema sisi ndio tulimwonyesha njia. Hakuna aliyeulizwa. Wakawatoa watu wote mlimani, wazee, wajawazito, wakawapeleka Malindi kwenye joto na malaria wasiyoijua. Walikufa, Sylus. Mama yake nyanya alizika ndugu zake huko akiwa msichana. Nyanya alizaliwa uhamishoni, waliporudi hapa mashamba hayatambuliki. Na neno lililowaua ni hilo moja: kwamba wao ni watu wa Mjerumani. Leo mkwe anaingia uani, mbele ya majirani, anasema, nyanya, nimekuletea Mjerumani wako. Halafu anacheka."

Sylus aliketi chini pale aliposimama. Yule aliyeuliza nani alitia sahihi, hapa hakuwa ameuliza lolote.

"Wewe unajua dhuluma ya Kishushe peke yake," Wakesho akasema. "Ya wengine ni pilau." Akakata simu, akaizuia namba yake.

Ndivyo tunavyotawaliwa. Kila bonde linalia na kidonda chake, halijui jina la kidonda cha jirani. Waliotuumiza walijua majina yote.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Wakesho alitabasamu mapokezini hadi mashavu yakauma, akiwakaribisha wageni waliotoka mbali kuja kuwatazama ndovu. Sylus alichunga kimya. Mbuzi walipotea, Diwani akawatafuta peke yake. Mara nyingi alipiga ile namba na kusikia sauti ya mashine.

Kisha habari zikaja kwamba nyanya hali chakula vizuri. Wakesho akaomba likizo. Hakuwa na wa kumwachia Chumvi. Akambeba, akasafiri naye hadi Rukanga. Njiani alikumbuka lile onyo, akalisukuma mbali kwa sababu ya mdomo uliolitoa.

Asubuhi ya pili alitoka na ndoo kwenda kwenye tangi. Ndovu dume alikuwa ameshafika, amevunja mfuniko, anakunywa maji ya mvua ya mwaka mzima. Wakesho alisimama, akaanza kurudi nyuma taratibu. Chumvi hakujua taratibu ni nini. Alichomoka kama tonge la pamba, akibweka kwa nguvu zake zote, akimtetea mwenyewe. Ndovu akageuka, masikio wazi. Chumvi akafanya kile ambacho Sylus alikisema: akakimbilia miguuni kwa Wakesho.

Wakesho alijitupa ndani ya jiko la mawe, mkono ukagonga kizingiti. Alisikia mlio mdogo mmoja. Kisha tangi likianguka. Kisha maji.

Ndovu ana askari, ana daktari, ana ndege ya kumhesabu. Nyanya Ndila ana mlango wa mabati. Waliitwa maafisa wa wanyamapori. Walisema gari halina mafuta.

Wakesho alikaa chini kwenye matope, kifundo cha mkono kimevimba, akaifungua ile namba aliyoizuia, akapiga.

"Sylus."

"Wakesho? Uko wapi? Unalia?"

"Chumvi amekufa. Uliniambia. Uliniambia na mimi..."

"Wacha hayo. Wewe umeumia?"

"Mkono."

"Nyanya?"

"Mzima."

"Ninakuja."

"Bila mbwa," akasema kwa kwikwi.

"Bila mbwa, mpenzi. Bila maneno pia."

Alifika mchana kwa pikipiki, mwekundu kwa vumbi kutoka nyusi hadi viatu. Hakuingia ndani. Alichukua jembe, akamzika Chumvi chini ya mchongoma, akaweka mawe juu ili fisi wasimfukue. Halafu akalisimamisha tangi, akaziba ufa kwa lami na gunia. Nyanya alikuwa akimtazama kutoka kwenye kigoda.

"Wewe," akaita hatimaye. "Njoo. Unajua nini juu ya mlima huu?"

Sylus alipiga magoti. "Sijui, nyanya. Niliambiwa kwa sikio, sikuuliza. Mimi ninayejiita mtetezi wa watu."

"Basi kaa."

Alikaa, na kikongwe akamsimulia. Kutembea kutoka mlimani. Kilio cha watoto. Makaburi ambayo hakuna aliyeyawekea jiwe. Aliyataja majina ya waliokufa, na baada ya kila jina alinyamaza mpaka Sylus akalirudia.

Kwa watu wa milima hii hasira ya mzee ni ugonjwa wa nyumba nzima. Ikikaa moyoni, mtoto hulazwa, mbuzi hutupa mimba. Dawa yake ni kutasa, kuitema hasira na kubariki kwa kupuliza kinywaji, na hata wanaokwenda kanisani kila Jumapili, kama nyanya Ndila, hawajaisahau.

"Wakesho, niletee yale maji ya miwa."

Alipiga funda kutoka kwenye kibuyu, akavuta pumzi, akampulizia Sylus kifuani. Matone matamu yalitapakaa kwenye shati la kaki. Akafanya hivyo tena.

"Yako nimeitema," akasema. "Moyo umekuachia. Oeni, zaeni, mlale salama."

Akaweka kibuyu chini.

"Ile ya waliotuhamisha siitemi. Hawajaja kupiga magoti. Nitazikwa nayo."

Hakuna aliyemwambia asamehe. Nani angethubutu?

Jua likishuka nyuma ya mlima, Wakesho alimsindikiza Sylus mpaka kwenye pikipiki. Mkono wake ulikuwa umefungwa kwa leso. Kwa ule mzima alishika vidole vyake.

"Yule mtoto wa Diwani je?"

"Atakaa Kishushe na baba yake. Kule kuna mbuzi, kuna mbio. Hapa hataingia, nyanya akiwa hai."

"Na nyanya atalindwa na nani? Mimi likizo inaisha. Siwezi kumwacha, siwezi kumhamisha. Atakufa akihamishwa tena."

Sylus alitazama lile tangi lenye kiraka. "Mbuzi watamchukua ndugu yangu. Mimi nitakuja kukaa hapa."

"Wewe? Na malori ya Kishushe nani atayapigia kelele?"

Swali hilo lilimuuma; ilionekana usoni. "Nitakwenda siku za baraza," akasema polepole. "Sitakuwa huko kila siku. Najua maana yake."

Wakesho alijua pia. Hakumshukuru; kuna vitu shukrani hupunguza.

"Kwa hiyo wewe ndiye mbwa wetu?"

"Mjapani alikuwa mdogo, Mjerumani amefukuzwa. Nimebaki mimi."

"Utabweka?"

"Nikiona ndovu nitanyamaza."

Alicheka huku machozi yanamtoka, akainua ncha ya leso kumfuta kifua, pale maji ya miwa yalipoanza kuvutia nzi.

Sylus akaushika mkono wake.

"Acha," akasema. "Acha yakauke."